Seti ya Kuanzia Hoki ya Barafu kwa Mtoto: Kilichomo Begini na Kisichokuwamo

Kila kiangazi kinapokaribia kwisha, maduka ya michezo ya Kanada na ya majimbo ya kaskazini mwa Marekani huweka mbele mabegi ya seti ya kuanzia: kinga za mwili za mtoto wa miaka 4 hadi 8 hivi, zote za saizi moja, kwa bei moja. Inayojulikana zaidi ni Lil Sport ya kampuni ya Bauer, na wapinzani wao CCM nao huuza ya kwao isiyotofautiana nayo sana. Mzazi wa Kiswahili aliyehamia Toronto, Edmonton au Minneapolis, ambaye mwanawe amerudi kutoka shule akililia mchezo ambao hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuucheza, begi hili ndilo atakaloonyeshwa kwanza dukani. Tulitamke mapema: linafaa kununuliwa, ila kwa umri huo tu, na kwa sharti kwamba fedha inayookolewa iende kwenye vitu vitatu ambavyo havimo ndani yake, yaani viatu vya kuteleza vyenye chuma chini, helmeti na kinga ya shingo.

Sababu iko kwenye mchezo wenyewe. Hoki ya watu wazima huchezwa na wachezaji 5 na kipa kwa kila upande, vipindi 3 vya dakika 20, katika uwanja ambao huko Amerika Kaskazini una futi 200 kwa 85, takriban mita 61 kwa 26, uliozungushiwa mbao na vioo. Kinachopigwa kwa gongo, ile fimbo ndefu ya mchezo, ni paki, kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha inchi 3, unene wa inchi 1 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Wachezaji hupokezana wakati mchezo ukiendelea, kwa kuruka tu juu ya ukuta, kwani hakuna anayeweza kukimbia barafuni kwa nguvu zote kwa zaidi ya dakika moja. Kanuni mbili zitamsumbua mtazamaji mgeni. Mshambuliaji haruhusiwi kuvuka mstari wa bluu, unaotenga eneo la wapinzani, kabla paki haijavuka. Hiyo ni ofsaidi. Tena, timu iliyotimia haiwezi kuibutua paki kutoka nusu yake ya uwanja hadi nyuma ya lango la wapinzani pasipo kuguswa. Ikifanya hivyo mchezo husimamishwa na kuanzishwa tena karibu na lango lake yenyewe. Mwenye kosa dogo, kama kumkwatua mwenzake kwa gongo, hukaa nje dakika 2 na timu yake hubaki pungufu.

Hoki ya watoto wadogo haifanani na hiyo. Hugawiwa kipande cha uwanja, si uwanja mzima, na wale wadogo kabisa hupewa paki ya bluu yenye uzito wa aunsi 4, takriban gramu 113. Kugongana kwa makusudi hakuruhusiwi. Marekani ruhusa ya kumgonga mpinzani kwa mwili huanza katika kundi la chini ya miaka 14, na Kanada imekatazwa hadi kundi la chini ya miaka 13, nalo likiwemo. Kwa hiyo mtoto wa miaka 6 hahitaji kinga nzito za mlinzi wa timu ya taifa. Kinachomuumiza ni kuanguka: kwa magoti, kwa viwiko, na zaidi ya yote kwa makalio na kisogo. Baada ya hapo huja makali ya kiatu cha mwenzake. Seti ya kuanzia imeshonwa kwa ajili ya aina ya kwanza ya hatari. Ya pili haiigusi.

Tufungue begi. Kifaa bora kuliko vyote ndani yake ni kinga za ugoko. Zina gamba la plastiki kuanzia gotini hadi karibu na kifundo cha mguu, kikombe cha goti, na bawa laini linalokumbatia shavu la mguu. Kipimo chake ni inchi: pima kutoka katikati ya kifuniko cha goti hadi mwanzo wa kiatu cha kuteleza, na kwa umri huu utapata 8 au 9 mara nyingi. Mketishe mtoto, goti likunjwe kama anavyokaa kitini. Goti liingie katikati ya kikombe, na ncha ya chini ikomee pale ulimi wa kiatu unapoanzia. Ikiwa ndefu, kiatu huisukuma juu kila anapokunja mguu na kikombe huhama kutoka gotini. Ikiwa fupi, hubaki utepe wa ugoko ulio wazi juu ya kiatu, na magongo ya watoto wenzake hupenda kutua hapo hapo.

Kaptula ya kinga nayo ni nzuri. Ina sponji na plastiki mapajani, nyongani, kwenye figo na kwenye kifandugu, mahali ambapo mwanafunzi wa wiki ya kwanza huangukia tena na tena. Mtoto akisimama, pindo la chini lifunike sehemu ya juu ya kikombe cha goti kwa inchi moja au mbili. Wazazi wengi huchukua kubwa ili “aikulie.” Kaptula kubwa hushuka, mtoto hutumia nusu ya zoezi akiivuta juu kwa mkono ambao ulipaswa kushika gongo, na anapoanguka zile kinga za nyonga ziko mapajani.

Kinga ya mabega na kifua ni nyembamba. Kwa mtoto asiyegongwa inatosha, mradi inafunika mtulinga, kifua na uti wa mgongo, na ncha yake ya chini inakutana na ukanda wa kaptula. Kinga za viwiko ndizo zinazoleta kero. Mikanda yake ya kuvutika hulegea, nazo huteleza hadi kwenye mkono wa mbele, kisha mtoto huangukia kiwiko kitupu. Kaza mkanda wa juu ya kiwiko kwanza, ukunje mkono wake mara kadhaa, halafu ndipo ukaze wa chini. Kiwiko kikitoka kikombeni mle mle dukani, barafuni kitatoka zaidi.

Glavu ndizo dhaifu kuliko vyote. Ni nene, ngumu zikiwa mpya, na kiganja kidogo hushindwa kulizunguka gongo. Usiridhike kwa sababu zimeingia. Mpe gongo humo humo dukani aliinue na kulizungusha. Vidole visigote mwisho wa glavu, wala kusibaki nafasi inayozidi sentimita moja. Nyumbani, azivae jioni akicheza na mpira sebuleni, zitalainika upesi kuliko barafuni. Begi lenyewe hubeba vilivyomo tu: ongeza viatu na helmeti, zipu haifungi.

Kasoro kubwa ya seti za aina hii ni wazo lenyewe la saizi moja kwa kila kitu. Jedwali la saizi husoma urefu na uzito, lakini watoto hawakui kwa jedwali. Mrefu mwembamba atapata kinga za ugoko fupi au kaptula pana. Mfupi mnene atapata kinyume chake. Ushauri wetu ni kuchagua saizi kwa kufuata kinga za ugoko na kaptula, kwa kuwa hivyo viwili havivumilii makosa. Mabega na viwiko huvumilia kidogo. Miguu ikidai saizi moja na kiwiliwili nyingine, liache begi, nunua kimoja kimoja.

Sasa yaliyo nje ya begi, ambako ndiko pesa inakopaswa kwenda.

Viatu kwanza. Saizi ya kiatu cha hoki huwa pungufu ya kiatu cha kawaida kwa 1 hadi 1.5. Mtoto avae soksi moja nyembamba, aingize mguu, apige kisigino sakafuni ili kikae nyuma kabisa, ndipo afungwe kamba. Akisimama wima, vidole viguse mbele kwa mbali. Akikunja magoti, virudi nyuma kidogo. Ili kupima nafasi ya kukua, legeza kamba, asukume mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha ujaribu kuingiza kidole chako nyuma ya kisigino. Kidole kimoja kikiingia kwa kubana, ni sawa. Viwili ni kubwa mno. Kiatu kikubwa huacha kisigino kikipanda na kushuka, vifundo vya miguu hulalia ndani, na mtoto hutembea juu ya barafu badala ya kuteleza. Wazazi husema mtoto wao ana vifundo dhaifu, wakati kiatu ndicho kibaya. Upana nao upimwe: Bauer huugawa kwa Fit 1, 2 na 3, kutoka mwembamba hadi mpana, na CCM wana mgawanyo wao wa tatu unaofanana. Miguu mipana ikibanwa hufa ganzi katika dakika chache.

Kamba zikazwe kwa hesabu: zilegee kidogo vidoleni, zibane sana kwenye mgongo wa mguu, zishike bila kusonga juu kabisa. Usizungushe kamba iliyobaki kwenye kifundo. Huzuia goti kukunjika mbele na damu kupita. Viatu vya plastiki vyenye vyuma viwiliwili chini tunavikataa kabisa, kwa kuwa havimfundishi mtoto kuegemea upande wa makali, na huko kuegemea ndiko kuteleza kwenyewe. Vile vyenye meno mbele ni vya mchezo wa madoido barafuni, na katika hoki haviruhusiwi.

Jambo linalowakwamisha wageni wengi: viatu vipya mara nyingi havijanolewa. Chuma kinatoka kiwandani kikiwa bapa, na mtoto akishuka nacho barafuni miguu humpasukia pande mbili. Kabla ya kutoka dukani, omba vinolewe. Kunoa ni kuchimba mfuo katikati ya chuma ili yabaki makali mawili, moja kila upande, na mfuo hutajwa kwa nusukipenyo cha mviringo wake, kwa sehemu ya inchi. Anza na 1/2. Kwa 3/8 mfuo huwa wa kina zaidi, makali hung'ang'ania barafu, na mtoto hushindwa kujifunza kusimama kwa kukwangua kwa ubavu. Kwa 5/8 huteleza pembeni anapokata kona. Baada ya kunolewa, geuza kiatu juu chini, laza sarafu juu ya makali mawili na uangalie kwa usawa wa jicho. Sarafu ikiinamia upande mmoja, rudisha kinolewe upya, maana mtoto atakuwa akipinda upande mmoja bila kujua sababu. Baadaye noa kila baada ya saa 10 hadi 15 za barafu, au mapema ikiwa amekanyaga saruji hata hatua mbili. Nje ya barafu na zulia la mpira, avae vifuniko vya plastiki ngumu vya kutembelea. Akimaliza, futa chuma kwa kitambaa kikavu na ukivike kifuniko cha kitambaa, kwa kuwa ile plastiki hufungia maji ndani na kutu haichelewi.

Helmeti inunuliwe mpya, pamoja na wavu wa chuma wa uso. Kanada itafute yenye kibandiko cha CSA, shirika la viwango la huko, kwenye helmeti na kwenye wavu vilevile. Marekani kibandiko ni cha HECC, baraza la kuthibitisha vifaa vya hoki, na uthibitisho wake hudumu miaka 6 na nusu tangu kutengenezwa. Tarehe imeandikwa hapo, isome. Ukingo wa mbele ukae upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, kikombe cha wavu kishike kidevu, mkanda uguse ngozi. Mtikise kichwa taratibu: ngozi ya paji la uso iende pamoja na helmeti. Kutoboa tundu au kung'oa kinga ya sikio hufuta uthibitisho, na refa anaweza kumtoa mtoto uwanjani.

Kinga ya shingo ilikuwa ikipuuzwa na wengi hadi tarehe 28 Oktoba 2023, siku ambayo Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa shingoni na kiatu cha mchezaji mwingine katika mechi mjini Sheffield, Uingereza, akafariki dunia akiwa na miaka 29. Kanada ilikwisha kuwalazimu watoto kuivaa, yenye alama ya BNQ, shirika la viwango la Quebec; USA Hockey, shirikisho la hoki la Marekani, ikailazimisha kwa walio chini ya miaka 18 kuanzia tarehe 1 Agosti 2024. Chagua inayofunika shingo yote na kushuka hadi juu ya kifua, iliyofumwa kwa nyuzi zisizokatika upesi. Kola iliyolegea ikaacha koo wazi haina kazi. Hiki ni kifaa cha bei ndogo, na hatuoni sababu yoyote ya mtoto kuingia barafuni bila nacho, hata siku ya mazoezi. Ongeza kinga ya sehemu za siri, ambayo ipo ya wavulana na ya wasichana na huwa na vipande vya kunatia soksi ndefu za hoki, na kinga ya meno.

Gongo lisikutoe jasho. La mbao au la bei ya chini linatosha mwaka wa kwanza. Mtoto akiwa peku lifike puani. Akiwa na viatu vya kuteleza lifike kidevuni. Ugumu huandikwa kwa namba kwenye mpini, na kanuni ya kawaida ni nusu ya uzito wa mtoto kwa pauni: mwenye kilo 25, ambazo ni pauni 55, atafute karibu na 27. Ukilikata kwa urefu huwa gumu zaidi, basi usinunue refu mno kwa nia ya kukata. La kulia ni lile ambalo mkono wa kulia hushika chini. Mpe mtoto fagio la mpini mrefu asukume kitu sakafuni, uone mwenyewe anashikaje. Wengi wanaoandika kwa mkono wa kulia hushika gongo kwa kushoto, na kuwalazimisha ni kosa. Zungushia tepu ya kitambaa kwenye ubapa kutoka kisigino hadi ncha, na ufanye kinundu cha tepu kwenye ncha ya juu ili mpini usichomoke mkononi wala usimchome mtu.

Kuvaa kuna utaratibu wake, na ukiukosea utavua upya huku filimbi ikilia: kinga ya sehemu za siri, kinga za ugoko, soksi ndefu juu yake, kaptula, viatu. Viatu vifungwe kabla ya mabega, kwa sababu mtoto akishavaa kifua hawezi kuinama. Kisha kinga ya shingo, mabega, viwiko, jezi, helmeti, na glavu mwisho. Mara ya kwanza tengeni nusu saa.

Kabla ya kulipia lolote, uliza klabu ya karibu kuhusu njia mbili. Kanada upo mpango wa NHL/NHLPA First Shift, wa ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini na chama cha wachezaji wake, kwa watoto wa miaka 6 hadi 10 ambao hawajawahi kusajiliwa katika hoki: ada moja hujumuisha vipindi 6 vya barafuni na vifaa vya Bauer kuanzia kichwani hadi miguuni, ambavyo hubaki mali ya mtoto. Mwenye nafasi huko hana haja ya begi hili. Marekani, USA Hockey huandaa siku za kujaribu hoki bure, na vifaa huazimwa papo hapo, hivyo mtoto huonja barafu kabla mfuko haujafunguliwa. Maduka ya mitumba ya michezo, kama Play It Again Sports, ni mazuri kwa kinga za ugoko, kaptula na viwiko, maana watoto huviacha vikiwa bado vizima. Viatu vya mtumba vinakubalika endapo kifundo hakijalegea na chuma bado kina kimo. Helmeti ya mtumba, hapana. Huwezi kuiona ilivyoangushwa.

Vifaa vikimbana mtoto, na hakuna mdogo wake wa kurithi, unaweza kuvituma nyumbani, Afrika Mashariki. Nairobi, wachezaji wa Kenya Ice Lions hufanya mazoezi kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uwanja ulio mdogo kuliko wa mechi rasmi, na Kenya iliingia katika shirikisho la hoki la dunia mwaka 2024. Vifaa hivi haviuzwi madukani huko, hutoka nje. Anayetaka kutuma awasiliane kwanza na klabu kuhusu saizi zinazohitajika, na asitume helmeti iliyopita tarehe wala glavu zilizotoboka kiganja. Mzigo wa namna hiyo ni gharama ya usafiri tu.

Kwa matunzo, fungua begi mara tu mnapofika nyumbani, hata kama ni usiku. Tandaza kila kipande mahali penye hewa, mbali na hita, kwani joto kali hukausha sponji na kuvunja gundi. Ng'oa nyayo za ndani za viatu zikauke peke yake. Funga mikanda ya kunata kabla ya kufua, isije ikararua soksi na jezi. Mikanda ya viwiko ikilegea, badilisha mikanda, si kinga nzima. Seti hii iondoke mwilini pale kinga ya ugoko inapoacha kufika kwenye kiatu, au mtoto anapohamia kwenye paki nyeusi ya uzito kamili na wenzake wameanza kuirusha juu. Na akikaribia umri wa kugongana, kinga ya mabega inunuliwe mpya na nzito kabla ya kitu kingine chochote.